Gari Bila Funguo, Mpakani Busia

Barabara ilifika Busia kabla ya gari, na kabla ya mpaka pia. Kapteni Bertram Sclater alipokamilisha njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Kibwezi hadi Busia mnamo 1896, nchi ya Wakhayo, Wamarachi na Wasamia ilikuwa bado inahesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukaja kutulia penye njia ileile ya ng'ombe, Busia ikawa miji miwili inayotazamana, na Mundika ikabaki viungani mwa ile ya Kenya. Kaskazini kidogo, reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilivukia Malaba. Hivyo ndivyo sehemu hii ilivyopata milango miwili ya kuingilia Uganda, na tangu hapo kila gari linalopita limepita mbele ya mtu mwenye swali moja: hili ni la nani?

Ufunguo haujawahi kulijibu swali hilo. Ukiangalia ulikotoka, utaona haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Chukua Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 likapita milioni 15. Liliwashwa kwa kupigwa hendeli mbele ya injini. Lilipopata stata ya umeme mwaka 1919, swichi yake ilikuja na ufunguo wenye namba, na namba hizo zilianza 51 zikaishia 74. Aina 24 za funguo kwa mamilioni ya magari! Tena namba ilipigwa chapa kwenye swichi yenyewe, mahali pa wazi, na aliyepoteza ufunguo aliisoma akaenda kununua mwingine. Kazi ya ufunguo ilikuwa kukata umeme ili betri isiishe na watoto wasichezee injini. Kuzuia wizi ilikuwa ni bahati tu.

Stata yenyewe ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac ndiyo iliyoiuza kwanza, katika magari yake ya 1912. Hata hivyo, kwa miaka mingi ufunguo na stata vilikaa mbalimbali. Dereva alizungusha ufunguo ili umeme uende kwenye koili, kisha akabonyeza kitufe au kukanyaga pedali ili stata izungushe injini. Ni Chrysler iliyounganisha kazi hizo mbili katika mzunguko mmoja wa ufunguo, mwaka 1949. Land Rover, iliyozinduliwa mwaka mmoja kabla ya hapo na kuja kuwa gari la mkuu wa wilaya, la misheni na la polisi katika nchi hizi, ilitoka na kitufe chake cha stata pembeni.

Gari la namna hiyo likipoteza ufunguo halikumsumbua mtu. Waingereza walikuwa na utaratibu wa rangi za nyaya ambao fundi akiujua mara moja haumtoki. Waya wa kahawia una moto wakati wote, kutoka kwenye betri. Mweupe huenda kwenye koili. Mweupe wenye mstari mwekundu huamsha stata. Wa kijani hupeleka umeme uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Morris, Austin, Land Rover, zote ziliufuata. Fundi alihitaji balbu ndogo ya kujaribia, bisibisi na macho yasiyochanganya rangi. Akishaifungua swichi ya zamani nyuma ya dashibodi, akafunga mpya kwa kufuata rangi zilezile, kazi ilikuwa imekwisha, na swichi mpya ilikuja na ufunguo wake.

Lori la dizeli lilikuwa rahisi zaidi. Dizeli huwaka kwa kukandamizwa, haina plagi za cheche wala koili. Injini ya dizeli ya zamani ikishazunguka haijali swichi. Huzimwa kwa kuvuta kebo inayokata mafuta. Swichi yake ni ya kuamshia stata na taa tu. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya Malaba huku tanboi kaondoka na funguo aliweza kutafuta mteremko, akaomba watu wasukume, akaondoka zake. Magari ya petroli nayo yalikuwa na hendeli ya kuokolea siku: Peugeot 404 iliachiwa tundu la hendeli mbele, ingawa tayari ilikuwa na stata nzuri.

Hilo la Peugeot linahitaji nafasi yake, kwa sababu swichi ya funguo ilibadilika nalo.

Katika mbio za Safari za 1963, zilizokuwa bado zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalianza magari 84 yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland wa Tanzania akashinda na 404 mwaka 1966 na 1967, Nowicki akarudi akachukua ushindi wa 1968. Baada ya hapo, kwa watu wa magharibi mwa Kenya, gari maana yake ilikuwa Peugeot: pikap ya mfanyabiashara, gari refu la abiria la kwenda Kisumu na Nairobi, gari la mwalimu mkuu aliyestaafu. Peugeot 504 iliyotoka mwaka 1968 ilikuja kuunganishwa Mombasa, na pikap zake ziliendelea kutoka kiwandani huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa 504 ilikuwa na kitu ambacho Land Rover ya mwanzo haikuwa nacho: kufuli ya usukani. Abram Neiman aliibuni mwaka 1931, lakini ilikaa miongo mitatu kabla ya serikali kuitilia maanani. Ujerumani Magharibi ilianza kuilazimisha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Marekani ikafuata kwa magari yote mapya kuanzia 1970. Ukichomoa ufunguo, ulimi wa chuma huingia kwenye mhimili wa usukani ukaushika. Kasha lote hufungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake hukatwa kiwandani kwa makusudi, zibaki duara laini lisiloshikwa na spana yoyote. Kuanzia hapo, aliyeunganisha nyaya mbili aliweza kuiwasha injini, lakini gari lisingekata kona. Kwa mara ya kwanza ufunguo ulifanya kazi ya ulinzi kwelikweli, na kwa mara ya kwanza kuupoteza kukawa balaa.

Balaa hilo lilifika mpakani wakati mbaya. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka ya spea ya Kampala, Jinja na Tororo yakaingia mikononi mwa watu wasio na mkopo wa kuagiza bidhaa nje wala uzoefu wa kuziagiza. Magari mengi yaliachwa. Mengine yalichukuliwa na wanajeshi. Baridi kali ya Julai 1975 ikaunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikaruka, na magendo yakaanza kuvuka usiku na mchana. Soko la Chepkube, upande wa Bungoma kaskazini mwa Malaba, likawa maarufu nchi nzima kwa kahawa ya Uganda. Iliyokuja ilikuwa kahawa. Iliyorudi ilikuwa sabuni, chumvi, nguo na spea za magari. Baiskeli za boda, zilizokuwa zimeanza kubeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka tangu miaka ya 1960, zilibeba hata visivyo na miguu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka 1979 vita vikaiondoa serikali ya Amin. Katika vurugu hizo gari liliweza kubadilisha mwenyewe mara tatu bila karatasi hata moja kubadilika jina.

Fundi wa zama hizo alifanya kazi bila spea. Swichi mpya ya Peugeot haikupatikana upande wa Uganda, na upande wa Kenya ilikuwa ghali kwa sababu uagizaji ulihitaji leseni. Kwa hiyo swichi haikubadilishwa, ilifufuliwa: ilifunguliwa, shaba zake zikapigwa msasa, springi ikanyooshwa au ikachukuliwa ya kalamu, mgongo wa plastiki uliopasuka ukagandishwa. Anayetaka kuona jinsi ujuzi huo ulivyoenea asome kitabu cha Kenneth King cha mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kiafrika nchini Kenya. King alionyesha namna kazi za karakana za Wahindi zilivyohamia kwa Waafrika waliokuwa wasaidizi wao, kisha zikatoka nje kwenye jua, zikaitwa jua kali. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limekwisha kuisifu sekta hiyo katika ripoti yake kuhusu Kenya ya mwaka 1972, wakati askari wa manispaa walikuwa bado wakibomoa vibanda vyake. Serikali ilichelewa. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuagiza wajengewe mabanda, ndipo jua kali ilipoanza kutajwa katika sera bila aibu.

Huku magharibi wengi walijifunza kwa kushika spana za mkubwa. Wengine walipitia vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyoanzishwa na Baraza la Makanisa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya vijana waliokosa nafasi za sekondari, kisha wakafanya mitihani ya serikali ya Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza. Cheti kilisaidia kuajiriwa. Ila kwa gari lisilo na funguo, fundi aliyekuwa na cheti na asiyekuwa nacho walifuata njia moja.

Njia yenyewe ni hii, na ni ileile hadi leo kwa gari la kale. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Halafu fundi mzuri hajiulizi atabadilishaje swichi. Anajiuliza ni nusu gani imekufa. Swichi ya gari la miaka ya 1970 na kuendelea ni vitu viwili vilivyounganishwa. Mbele kuna kitasa, kinachopokea ufunguo. Nyuma kuna swichi ya umeme, kidude cha plastiki chenye shaba ndani, ambacho kitasa hukizungusha kwa ulimi mdogo. Gari linalozima kila likiruka tuta, au linalowasha taa za dashibodi lakini stata haigutuki, mara nyingi lina ugonjwa wa nyuma. Kwenye Toyota nyingi kidude hicho hushikwa na skrubu mbili tu na hutoka bila ufunguo kabisa. Wenye magari wasiolijua hili hulipia kasha zima, na wapo mafundi wasiowaambia.

Kitasa ndicho chenye ukaidi. Pini inayokishika haibonyezeki hadi ufunguo uzungushwe hatua ya kwanza, kwa hiyo asiye na ufunguo hawezi kukitoa, na kukitoa ndiyo shida yake. Kabla ya kukimbilia drili, fundi mvumilivu hutafuta ufunguo uliopotea ndani ya gari lenyewe. Magari mengi hutumia ufunguo mmoja kwa swichi na milango. Kitasa cha mlango ni rahisi kutoa, na baadhi yake vimepigwa namba pembeni. Mchonga funguo akiipata namba anachonga. Namba ikikosekana, kitasa hicho hufunguliwa na vibati vyake vyembamba husomwa kimoja kimoja, urefu kwa urefu. Au huchukuliwa ufunguo usio na meno, ukaingizwa, ukatikiswa taratibu hadi vibati viache alama juu ya shaba. Tupa inapita kwenye alama, ufunguo unarudi ndani, alama mpya, tupa tena. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, na mikono yenye haraka haiiwezi.

Hayo yakishindikana ndipo kitasa hutobolewa na zile bolti zisizo na vichwa hugongwa kwa tindo hadi zilegee. Kasha jingine, la mitumba, huingia na ufunguo wake. Ndiyo maana magari mengi ya kale yana ufunguo mmoja wa kuwashia na mwingine wa milango. Anayenunua gari la namna hiyo ana haki ya kuuliza sababu kabla ya kuhesabu pesa.

Ipo pia njia ya mkato, nayo imeua magari mengi. Swichi ya taa ya nyumba hufungwa chini ya dashibodi badala ya ufunguo, na kitufe cha kengele ya mlango kikawa cha stata. Siku ya kwanza mwenye gari hufurahi. Tatizo ni kwamba swichi ya taa ya chumbani haikuundwa kubeba umeme wa gari zima, na waya uliopita nje ya fyuzi ukichunika hugusa bodi na kuwaka. Akisahau kuzima wakati platini zimegusana, koili huchemka hadi ife. Kitufe kilicho wazi humngoja mtoto akibonyeze gari likiwa ndani ya gia. Na baya kuliko yote ni gari ambalo nyaya zake zimeunganishwa huku kufuli ya usukani imevunjwa nusu: ule ulimi wa chuma ukiteleza ndani kwenye kona, dereva hana la kufanya.

Hayo yote ni chuma na shaba. Nusu ya pili ya kazi iko kwenye karatasi, na mpakani nusu hiyo ndiyo nzito.

Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 278A, humtia mwizi wa gari jela hadi miaka 7. Gari lililovuka mto au daraja usiku lilikuwa jambo la kawaida mno kiasi kwamba wakuu wa polisi wa nchi za kanda hii walipounda chombo chao cha ushirikiano mjini Kampala mwaka 1998, wizi wa magari ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaweka mbele. Gari halali linalovuka hubeba kitabu chake cha umiliki na kadi ya njano ya bima ya COMESA, iliyoanzishwa mwaka 1986. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na gari hukaguliwa mara moja upande linakoingia. Mkaguzi halitazami tundu la ufunguo. Anatazama namba ya chesisi na jina.

Hapo ndipo gari la marehemu linapokwama. Katika maboma mengi ya Busia ipo Peugeot au Datsun chini ya mwembe, mwenyewe alizikwa zamani, ufunguo haujulikani uliko. Mjukuu huleta fundi, na swichi hupona kabla ya jua kutua. Lakini gari bado ni la babu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inadai familia ipate barua za usimamizi wa mali kutoka mahakamani kabla jina halijabadilishwa, na barua hizo huchukua miezi. Kuna wanaoona huo ni usumbufu wa bure. Si kweli: bila hatua hiyo, yeyote mwenye bisibisi angekuwa mrithi.

Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi, na Kenya ikaweka kikomo cha miaka minane tangu gari liandikishwe. Uganda ilikaa bila kikomo hadi 2018, ilipopiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Toyota Probox, iliyozinduliwa mwaka 2002, ikachukua kiti cha Peugeot katika barabara za magharibi. Wakati huohuo ufunguo ukapata akili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilidai kuanzia 1998 kila gari jipya liwe na kizuizi cha kielektroniki: chipu ndani ya kichwa cha ufunguo hujibu swali la kompyuta ya injini, na jibu likikosekana mafuta hayapiti. Tupa haina msaada hapo. Kazi imehamia kwa fundi mwenye kompyuta ndogo na mashine ya kuandika chipu, ambaye mara nyingi hajui waya mweupe unaenda wapi.

Kwamba chipu hiyo ina thamani, Wamarekani waliligundua kwa uchungu. Kia na Hyundai ziliuza huko mamilioni ya magari yasiyo nayo, na kuanzia 2021 vijana walionyeshana mitandaoni namna ya kung'oa kitasa na kuzungusha kilichobaki nyuma yake. Mwaka 2023 kampuni hizo zilikubali kulipa fidia ya takriban dola milioni 200. Walichokifanya vijana hao fundi yeyote wa Busia angekitambua mara moja: ni ile nusu ya nyuma, inayozunguka bila ufunguo.

Kwa hiyo mwenye gari kuukuu, iwe Mundika, Nambale au Malaba, aiandike namba ya ufunguo wake leo na achonge wa akiba wakati ule wa kwanza bado anao, kwa maana kuchonga kutoka kwa mfano ni kazi ya dakika chache. Akiwa amekwisha kuupoteza, aende gereji na kitabu cha gari na kitambulisho mkononi. Fundi asipoviuliza kabla ya kugusa bisibisi, alipeleke gari lake kwa mwingine.